Zabibu ni zetu, mkono ni wao

Haya wadau, leo naomba tuongee kemia. Najua wengine mmeshaanza kukimbia, mmekumbuka kidato cha tatu na yale majedwali ya kukariri. Rudini. Sitaandika fomula hata moja. Nataka kuzungumzia zabibu, sukari, dawa za tumbo na watoto wenye kichocho, vitu ambavyo wengi hatujawahi kuviweka kwenye kapu moja.

Sababu ni moja. Kila nikisikia kiongozi hapa Dodoma anasimama jukwaani kuhimiza kuongeza thamani ya zao la zabibu, najua sentensi inayofuata itakuwa juu ya mvinyo. Kiwanda, chupa, lebo, kizibo, basi. Mimi sina ugomvi na mvinyo. Ugomvi wangu ni na akili inayoishia kwenye chupa. Kwa maoni yangu, kitu cha thamani zaidi ambacho binadamu amekitoa kwenye zabibu kwa miaka mia moja na sabini iliyopita ni mkono. Ndiyo, mkono. Na mkono huo hatuna.

Twende taratibu.

Angalia mikono yako miwili. Vidole vitano huku, vitano huku, inafanana kama mtu na sura yake kwenye kioo. Lakini jaribu kuvaa kandambili ya kushoto kwenye mguu wa kulia, au mtu akupe mkono wa kulia wewe umpe wa kushoto. Haikai. Vitu viwili vinaweza kufanana kila kitu na bado kimoja kisiingie mahali pa mwenzake.

Molekuli nyingi ziko hivyo hivyo. Zina toleo la kulia na toleo la kushoto, uzito ule ule, atomi zile zile, zimepangwa kinyume tu kama kwenye kioo. Na mwili wako ni mchaguzi kuliko bibi yangu mezani: sukari unazotumia karibu zote ni za upande mmoja, na asidi za amino zinazojenga protini zako nazo ni za upande mmoja. Kwa hiyo dawa ikiingia mwilini ni kama inapeana mkono na mwili. Toleo moja linashikana vizuri. La pili linaweza kupita bila kufanya kazi, au likafanya kazi nyingine kabisa ambayo hukuiagiza.

Tatizo la wanakemia ni kwamba kemia ya kawaida haijui kulia wala kushoto. Ukitengeneza molekuli ya namna hiyo bila mwongozo unapata nusu kwa nusu. Ukitaka upande mmoja tu, lazima uweke ndani ya chungu kitu ambacho chenyewe tayari kina mkono, kiongoze wengine. Kitu hicho kikiwa kichocheo (msichanganye na kichocho, hicho kinakuja), kiasi kidogo kinaongoza kiasi kikubwa, na chenyewe hakiliwi na kazi. Ni kama kalibu ya fundi: kalibu moja, matofali mia.

Sasa kalibu yenye mkono unaitoa wapi? Wanakemia waligundua kwamba mahali rahisi pa kuanzia ni kwenye vitu ambavyo mimea imeshavitengeneza kwa mkono mmoja. Na hakuna vitu vya namna hiyo vilivyo vingi na vya bei nafuu kama sukari na jamaa zake.

Hapo ndipo zabibu inapoingia.

Mwaka 1848 kijana wa Kifaransa wa miaka 25 aitwaye Louis Pasteur, huyu huyu ambaye jina lake liko kwenye maziwa yaliyopasteuriwa, alikuwa anachunguza chumvi za asidi inayotoka kwenye mapipa ya mvinyo. Asidi hiyo inaitwa asidi ya tartari. Aliona kwenye hadubini kwamba fuwele za aina moja zilikuwa za namna mbili, kila moja ni sura ya mwenzake kwenye kioo. Akakaa akazitenganisha moja moja kwa mkono, kama mama anavyochagua mchele. Akaziyeyusha kila kundi peke yake na kupitisha mwanga. Kundi moja lilipindisha mwanga kulia, lingine kushoto. Somo zima la molekuli za kulia na kushoto limeanzia hapo, kwenye uchafu wa pipa la mvinyo. Mpaka leo mchanganyiko wa nusu kwa nusu unaitwa rasemia, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kichala cha zabibu. Sitanii.

Asidi ya tartari wanakemia wanaihesabu kwenye ukoo wa asidi za sukari. Mzabibu wenyewe unaitengeneza kutokana na vitamini C, na vitamini C mmea unaijenga kutokana na sukari. Ndiyo inayoleta ule uchachu wa zabibu, na ukwaju nao umejaa asidi hiyo hiyo. Ile unayoipata kwenye tunda ni ya mkono mmoja. Mmea umeshafanya kazi ngumu bure.

Mwaka 1980 Mmarekani Barry Sharpless na Mjapani Tsutomu Katsuki walifanya jambo ambalo likisimuliwa linaonekana dogo. Walichukua asidi ya tartari iliyounganishwa na alkoholi, ile ile alkoholi iliyomo kwenye mvinyo, wakaiweka pamoja na madini ya titani. Ikawa kalibu yenye mkono. Molekuli zilizopita hapo zilitoka upande mmoja karibu zote. Ukitaka upande wa pili, unatumia tartari ya mkono wa pili. Baadaye njia hiyo ilirekebishwa, ikawa inatosha kuweka kalibu asilimia 5 hadi 10 tu ya mzigo. Mwaka 2001 Sharpless alipewa Nobeli ya kemia pamoja na William Knowles na Ryoji Noyori, wote kwa kazi ya vichocheo vyenye mkono. Na kwamba jambo hili halijapitwa na wakati, Nobeli ya kemia ya 2021 nayo ilikwenda kwa Benjamin List na David MacMillan kwa vichocheo vyenye mkono vinavyotokana na molekuli ndogo za kikaboni.

Mtasema hayo ni ya maprofesa. Haya, njooni mtaani.

Hapa Makole, kuanzia jirani na kituo cha afya mpaka maduka ya dawa ya mjini, mwenye kiungulia na vidonda vya tumbo anaijua omeprazoli. Hiyo ni rasemia, nusu kwa nusu. Dada yake wa bei ya juu kidogo anaitwa esomeprazoli, ambayo ni mkono mmoja tu, ilianza kuuzwa mwaka 2000 kwa jina la Nexium. Madaktari wamebishana sana kama inazidi ile ya kwanza kiasi cha kustahili bei yake, na mimi sitaamua ugomvi huo hapa. Ninachotaka mkijue ni jinsi kampuni ya Astra ya Sweden ilivyoweza kuitengeneza kwa tani: titani na tartari. Kalibu ya Sharpless, iliyofanyiwa marekebisho.

Rudia kusoma hapo. Sweden, nchi ya theluji ambayo hakuna anayeisifia kwa mizabibu, imetumia jamaa wa asidi ya zabibu kutengeneza moja ya dawa zilizouzwa sana duniani. Dodoma, ambako mizabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka, tunainunua dawa ya aina hiyo kaunta.

Na asidi ya tartari siyo peke yake. Utamu wa zabibu ni glukosi na fruktosi, karibu sawa kwa sawa. Mwaka 1996 Yian Shi, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado kule Marekani, alichukua fruktosi ya kawaida na kwa hatua mbili tu akaigeuza kuwa kichocheo chenye mkono kisichohitaji metali yoyote. Glukosi nayo ina historia yake, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Miaka ya 1980 Ujerumani Mashariki, wajamaa wenzetu wa wakati ule, hao hao walioshiriki kujenga maghorofa ya Zanzibar baada ya Mapinduzi, walitengeneza kiwandani dawa ya ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka wa wazee, iitwayo L-dopa. Wamarekani wa Monsanto walikuwa wameshatangulia kwa njia yao. Wajerumani wakajenga kalibu yao wenyewe, na msingi wake ulikuwa glukosi.

Kwa hiyo kichala kimoja cha zabibu cha pale barabarani Mpunguzi kina ndani yake malighafi ya vichocheo vitatu vilivyoandikwa kwenye vitabu vya kemia duniani. Muuzaji anakupimia kwa kilo. Yeye anauza tunda. Na sisi wote tunaamini hicho tu ndicho kilichomo.

Sasa tufike kwenye kichocho, maana hapa ndipo utani unaisha.

Tanzania inatajwa kuwa ya pili Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho. Kanda ya Ziwa wanakijua, Unguja na Pemba wanakijua. Dawa yake ni prazikwanteli, ile wanayomezeshwa wanafunzi mashuleni. Dawa nzuri, imeokoa wengi. Lakini mwulize mwalimu yeyote aliyewahi kusimamia zoezi la kumezesha: kidonge ni kikubwa na ni kichungu balaa. Kwa mtoto wa miaka miwili ni vita. Kwa miaka mingi watoto wadogo waliachwa nje ya mpango huo, wakati maji wanayoogea ni yale yale ya kaka zao.

Kwa nini ni kikubwa na kichungu? Kwa sababu ni rasemia. Nusu ya kidonge ndiyo inayoua minyoo. Nusu ya pili haitibu karibu chochote, na ndiyo yenye uchungu zaidi. Yaani mtoto anabebeshwa mzigo mara mbili, na ule usio na kazi ndio unaomtapisha.

Mwaka 2011 kundi la watafiti, akiwemo Matthew Todd aliyekuwa Chuo Kikuu cha Sydney, walitangaza wazi kwa dunia nzima njia nafuu ya kutenganisha mikono miwili ya prazikwanteli. Nyenzo yao kuu ya kutenganishia ilikuwa nini? Asidi ya tartari iliyofanyiwa mabadiliko kidogo. Hapo haikuwa kichocheo, ilikuwa mchujo, lakini kazi ni ile ile aliyoianzisha Pasteur: mkono kuutambua mkono. Baadaye muungano wa taasisi chini ya kampuni ya Merck ya Ujerumani ulitengeneza kidonge cha watoto cha upande mmoja, kiitwacho arprazikwanteli, kidogo, kinayeyuka kwenye maji, kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Majaribio makubwa yalifanyika Kenya na Ivory Coast. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikikubali Desemba 2023, na Shirika la Afya Duniani likakipitisha Mei 2024.

Prazikwanteli yenyewe iligunduliwa miaka ya 1970. Hesabu mwenyewe. Nusu karne mtoto wa Kiafrika amesubiri mtu amwondolee nusu chungu ya kidonge chake. Sisemi kwamba kemia peke yake ndiyo iliyochelewesha. Kuna fedha, kuna soko, kuna watoto ambao wazazi wao hawana hela ya kumvutia mwenye kiwanda. Lakini ndiyo hoja yangu. Ugonjwa ni wetu, asidi iko kwenye matunda yetu, na bado ilibidi tusubiri mpaka wenye mkono wapate nafasi.

Najua kuna msomaji hapo anasema: ndugu mwandishi, kuna shule hazina madawati, kuna vijiji vya Chamwino wanagombea maji na ng'ombe, wewe unatuletea molekuli za kioo? Hoja nzito, siidharau. Lakini angalia mantiki yake. Kwa hoja hiyo tusingeanzisha Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007, maana hata wakati ule madawati hayakutosha. Masikini akisubiri amalize shida zote ndipo asome, hatasoma. Tena kemia ya vichocheo ndiyo kemia ya mtu mwenye hela kidogo: kidogo kinazalisha kingi, na takataka inapungua. Tajiri ndiye anayeweza kutengeneza nusu ya kutupa.

Mwingine atakuja na ndoto ya upande wa pili: basi tuuze asidi ya tartari tutajirike! Taratibu. Lita moja ya mvinyo ina asidi hiyo gramu 2 hadi 6 hivi. Ukikusanya lita milioni moja, umepata tani 2 hadi 6 ukiitoa yote, na hutaitoa yote. Hilo halitajenga barabara. Italia na Hispania wanaikusanya kutoka kwenye mashapo na machicha ya viwanda vyao kwa sababu mvinyo wao ni bahari. Sisi tuna kisima. Anayewaahidi wakulima wa Hombolo utajiri wa tartari anawadanganya, kama walivyodanganywa kwa mengine.

Thamani iko kwenye kujua, na kujua kunaanza na vitu vidogo. Mimi nina mapendekezo matatu, si ya mabilioni.

La kwanza, viwanda vyetu vya mvinyo viache kuosha matangi na kumwaga. Zile fuwele ngumu zinazoganda kwenye kuta za tangi ni chumvi ya tartari. Inayeyuka kwenye maji ya moto na kuganda tena yakipoa. Ndivyo inavyosafishwa hatua ya kwanza. Chumvi hiyo hiyo huwekwa kwenye baadhi ya beking pauda. Hata kama ni gunia chache, gunia chache zinatosha kulisha maabara za nchi nzima.

La pili, tufundishe somo hili kwa vitu vyetu. Chuo Kikuu cha Dodoma kiko hapa, kituo cha utafiti wa zabibu kiko hapa Makutupora. Mwanafunzi wa kemia anayesoma mjini humu asihitimu bila kutoa asidi ya tartari kwenye zabibu au ukwaju kwa mikono yake. Na shule za sekondari zisisingizie vifaa. Vipande viwili vya ile plastiki nyeusi iliyoko juu ya kioo cha kikokotoo kibovu, tochi, na glasi ndefu ya maji yenye sukari nyingi: pitisha mwanga wa tochi kwenye kipande cha kwanza, kwenye maji, kisha kwenye kipande cha pili. Zungusha kipande cha pili mpaka pawe giza. Badilisha maji ya sukari na maji matupu, utaona giza limehamia pembe nyingine. Sukari imepindisha mwanga. Viwanda vya sukari hupima ubora wa sukari kwa kanuni hiyo hiyo. Mtoto wa kidato cha pili pale Makole anaweza kuona kwa macho yake kwamba sukari ina mkono.

La tatu, na hili ni la wakubwa. Viwanda vyetu vya dawa kwa sehemu kubwa vinaagiza unga wa dawa kutoka nje, vinaushindilia kuwa vidonge na kuufunga kwenye pakiti. Tukiita hicho kiwanda cha dawa ni sawa na kuita hoteli shamba kwa sababu ina wali. Serikali ikizungumzia viwanda vya dawa, iweke na fungu la wanakemia wachache wa kutengeneza molekuli yenyewe, waanze na moja. Na iwe dawa ya ugonjwa wetu, maana ule wa Sweden una watu wa kuuhangaikia.

Mkulima wa zabibu analia soko kila msimu unapojaa, kwa sababu tunda halisubiri. Likikaa siku chache limeoza, na mnunuzi anajua. Maarifa hayaozi. Wazungu wamekuwa wakila matunda ya lile pipa la Pasteur tangu 1848, na pipa lenyewe lilishasahaulika lilikuwa la nani.

Wazazi wetu walitufundisha kwamba kupokea kwa mkono wa kushoto ni utovu wa adabu. Kwenye kemia ya dawa tumekuwa tukipokea kwa mikono yote miwili, kulia na kushoto, kizuri na kichungu pamoja, kwa sababu aliyetoa ndiye aliyeamua. Vijana mliosoma sayansi mkaishia kuuza vocha na kusubiri ajira portal, hili nawaachia ninyi zaidi kuliko viongozi. Zabibu zipo, ukwaju upo, sukari ipo.

Tafakari, chukua hatua.